Jina Lililochukua Dakika Hamsini na Tatu

Siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi mwaka 2024, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi za jioni, Bwana Zakaria Kivuva Nzivo, karani mstaafu wa simu za maandishi za reli, mzee wa kanisa, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja na miezi miwili, alitoka nyumbani kwake mtaani Kaloleni akaenda Jericho kuchukua betri.

Ilikuwa betri ya gari, ingawa Mzee Nzivo hajapata kumiliki gari. Kazi yake ilikuwa kuilisha redio wakati stima imepotea, na stima ikipotea ndipo mzee huyo hufanya kazi. Ndirangu, fundi wa kuchomelea vyuma aliyehamia Jericho kutoka Baba Dogo, ndiye aliyeichaji nyuma ya kibanda chake, na hakuchoka kumtania kwa jambo hilo.

"Karani! Nairobi nzima huomba stima irudi. Wewe peke yako huomba ipotee. Siku moja watu watakuchoma wakidhani ni wewe unayekata nyaya."

"Wakija kunichoma, waje na kibali."

"Na muhuri?"

"Na muhuri, na tarehe."

Wakacheka. Mzee akaipakia betri kwenye kitoroli chake, akashika njia ya nyumbani.

Yafaa ielezwe mapema redio hiyo ilikuwa ya namna gani, maana mtu akisikia neno redio hudhani ni sauti. Haikuwa na sauti. Mzee Nzivo alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, na katika mawimbi yote aliyapenda yale ya chini kabisa, yatambaayo juu ya nchi na bahari kwa maelfu ya maili, yakafika yamechoka hata sikio la binadamu lisiyatambue. Anayetuma ujumbe huko hutumia nukta na vistari vilevile vya simu za reli, ila kwa mwendo wa kinyonga: nukta moja hudumu dakika nzima, na kistari dakika tatu. Anayepokea hasikilizi. Hutazama. Kompyuta hukusanya mvumo wa anga dakika kwa dakika na kuuchora kwenye kioo kama vumbi la kijivu, na ndani ya vumbi hilo, kwa mwenye subira, huchomoza mstari mwembamba mweupe kama wa chaki. Mtumaji aliye mbali na dhaifu hulazimika kutuma polepole. Aliye karibu hutuma haraka.

Adui wa kazi hiyo mitaani ni umeme wenyewe. Taa za bei rahisi, chaja za simu, televisheni na mashine za kuchomelea vyuma hutoa kelele isiyosikika, ikakifunika kila kitu. Stima ikipotea, kelele hiyo hukatika ghafla, kama kanisa linavyonyamaza mchungaji akisema tuombe. Hapo ndipo walio mbali huonekana.

Mzee Nzivo alikuwa na kanuni moja aliyotoka nayo kazini. Katika miaka thelathini na minane hakuacha ujumbe bila kuukiri. Aliwaambia vijana wa kanisani, "Ujumbe usiokiriwa haujafika. Wahenga walisema kataa neno, usikatae mwito." Kwa hiyo kila alipopokea, alibonyeza kitufe kimoja, na mtambo wake mdogo ukatuma herufi R, ambayo makarani wa simu dunia nzima waliielewa: nimepokea. Herufi hiyo ilichukua dakika saba.

Mawimbi hayo hudai pia mizizi mizuri ardhini. Jumamosi ya tarehe 2 Machi, yeye na Ndirangu walikuwa wamepigilia fimbo ya shaba ya futi nane nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa bafu. Futi mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Ndirangu alipoinua nyundo kwa mara nyingine, fimbo ikashuka yenyewe.

Haikupigwa. Ilishuka.

"Chini hapa kuna shimo, Karani," alisema Ndirangu, akinusa. Kulikuwa na harufu ya gunia la mkonge lililolowa maji.

"Ni udongo mweusi tu," alijibu mzee. "Mvua zikija utaikaza."

*

Basi jioni hiyo ya tarehe 14 alipofika nyumbani, mkewe Nthoki alikuwa akichambua dengu mlangoni.

"Umemleta mke mwenzangu?" aliuliza, akiitazama betri.

"Huyu hali chakula chako, Mama Mwelu. Mwache."

Stima ilipotea saa kumi na mbili na dakika hamsini. Kaloleni nzima ikaguna. Mzee Nzivo akaketi kwenye chumba kidogo, akaunganisha betri, akasubiri. Vumbi likaanza kushuka kiooni, safi, tulivu. Kisha, kabla hata hajasafisha miwani, mstari ukaanza.

Kistari. Kistari.

Herufi M. Alidhani ni rafiki yake mmoja wa Ureno, mwenye redio kama hiyo, lakini mtu huyo hufuata utaratibu: huanza kwa alama ya kituo chake. Huyu hakutanguliza kituo. Alituma herufi tano kwa dakika arobaini na tatu, akanyamaza.

MAGAN.

Mzee akaliandika jina hilo kwenye daftari, pamoja na saa. Alilijua. Magan alikuwa mwenye duka la kona, Msomali mwenye ndevu zilizotiwa hina, ambaye alimuuzia sukari kwa miaka ishirini. Lakini dunia ina akina Magan wengi, na huenda yuko mwenye redio. Akabonyeza kitufe. R. Nimepokea.

Asubuhi ya Ijumaa duka halikufunguliwa. Khalayi, mwanamke wa nyumba ya tatu ambaye hakuna habari iliyompita, ndiye aliyeleta taarifa akiwa bado amefunga leso ya kulalia.

"Mzee, Magan ameenda! Ameketi tu kwa kiti chake, macho wazi. Jana nikinunua maziwa saa mbili kasoro, nikamsikia akiitika: 'Naam, nakuja.' Nikamuuliza unaitika nani? Akasema kuna mtu anamwita huko nyuma. Na huko nyuma ni ukuta, Mzee. Ni ukuta tu!"

Saa mbili kasoro. Mzee Nzivo alilitazama daftari. R yake ilikuwa imemalizika saa moja na dakika arobaini na mbili.

Alilifunga daftari. Yeye ni mtu aliyesoma. Sadfa ni sadfa.

*

Wiki nne zilipita. Tarehe 11 Aprili, Alhamisi, siku ya pili ya Idi, mvua kubwa za mwaka ule zilikuwa zimekwisha kuanza, na udongo wa nyuma ya nyumba ulikuwa uji mtupu. Stima ilipotea dakika ileile: saa kumi na mbili na hamsini.

Nukta. Kistari. Kistari.

W.

Safari hii mstari ulikuwa mzito kidogo. Mzee alitaka kujua unatoka upande gani wa dunia, na njia ya karani ni kuondoa kitu kimoja kwanza, kisha kingine. Alinyoosha mkono akauchomoa waya wa angani, ule uliotoka dirishani hadi kwenye mlingoti. Bila waya huo hakuna redio. Kioo kilipaswa kubaki vumbi.

Mstari haukufifia.

Uliongezeka.

Kilichobaki kimeunganishwa kilikuwa waya mmoja tu, ule wa kwenda kwenye fimbo ya shaba. Mtumaji hakuwa Ureno, wala ng'ambo yoyote ya bahari. Alikuwa chini.

A... C... E...

Kabla ya herufi ya tano mzee alikwisha kujua. Wacera aliishi ukuta kwa ukuta na nyumba yake, akauza sukuma wiki na dania katika soko la Jericho, na jioni zote aliimba nyimbo za kanisa akiosha sufuria. Alikuwa akiimba hata wakati huo. Sauti yake ilipita dirishani.

Saa moja na dakika arobaini na tatu jina likatimia. Mstari ukakoma, ukasubiri.

Mama yake Mzee Nzivo, aliyemlea huko Kangundo, alimkanya tangu utoto: ukiitwa gizani, usiitike. Ngoja uitwe mara ya tatu. Mtu hurudia, kisicho mtu huita mara moja tu, kwa sababu hakiwezi kurudia. Hayo yalimjia. Lakini yakaja pia ya ofisini: karani asiyekiri ujumbe ni mwizi wa ujumbe. Yakaja na ya kanisani: mzee wa kanisa hatishwi na ushirikina. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Miaka thelathini na minane ilikuwa ndani ya kidole hicho.

Akabonyeza.

Angeweza kukatisha. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye. Herufi R huchukua dakika saba, na kwa dakika saba zote alikaa akiitazama ikitoka, nukta, kistari, nukta, na kitufe cha kusimamisha kikiwa shubiri moja na mkono wake. Hakukigusa. Kiburi kilimwambia kwamba akikigusa atakuwa amekubali kuwa kuna kitu cha kuogopwa.

Nukta ya mwisho ilipokamilika, kuimba kukakoma kule ng'ambo ya ukuta.

"Niko hapa," Wacera alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Halafu sufuria ikaanguka.

*

Wacera alizikwa Jumamosi ya tarehe 20 Aprili. Jumatatu iliyofuata Mzee Nzivo alikwenda kwa Ndirangu, akafunga mlango wa kibanda, akamweleza yote. Ndirangu hakutania. Alichukua jeki ya lori na mnyororo, wakaja Kaloleni, wakaifunga fimbo ya shaba, wakaanza kuivuta.

Ilitoka shubiri moja. Ndirangu alipoachia jeki ili aifunge upya, fimbo ikarudi chini, polepole, kama kamba inavyovutwa na mtu aliye upande wa pili.

Hawakujaribu tena. Mzee aliukata waya wa fimbo kwa koleo. Ndirangu akaketi juu ya ndoo, akavuta pumzi.

"Baba yangu alichukuliwa mtaa huu," alinong'ona. "Aprili ya hamsini na nne, wakati wa Hali ya Hatari. Askari wa mkoloni waliwapanga mstari. Karani alisoma jina, na mbele kulikuwa na mtu amevishwa gunia mpaka kiunoni, limetobolewa matundu mawili ya macho. Jina likisomwa, wanamtazama yule wa gunia. Akitikisa kichwa kukubali, umekwisha. Hakuna aliyejua ni nani. Baba alisema askari hawakuwa na kazi yoyote. Ilihitajika tu mtu mmoja wa kusema ndiyo."

"Na huyo wa gunia... aliishia wapi?"

"Kuna walioapa kwamba watu walimpata. Walimfukia vilevile, na gunia lake kichwani, mahali fulani huku kwenu. Wengine husema alizeeka akiwa mhubiri. Sijui, Karani. Baba hakupenda kuyasema."

Mzee Nzivo aliutazama mkono wake. Alikuwa akifikiria kile kidole chake.

*

Tarehe 9 Mei ilikuwa Alhamisi ya nne tangu Wacera aitwe, na sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Mzee aliifunga redio ndani ya sanduku, akalifunga sanduku kwa kamba, akaketi sebuleni na Biblia. Kwake, ofisi ilikuwa imefungwa. Nthoki alikuwa jikoni.

Stima ikapotea.

Hakutazama saa. Alijua. Mvua ilikuwa imetulia, na giza likaja na harufu... mkonge uliolowa. Alianza kusoma Zaburi kwa taa ya simu, midomo ikicheza bila sauti. Robo saa ikapita.

"Baba Mwelu, umeniita?"

Mzee akaifunga Biblia.

"Sijakuita."

"Nimesikia kama..." Nthoki alitokea mlangoni akijifuta mikono. "Si sauti hasa. Kama mtu anavuta jina langu chini ya sakafu. Pole sana. Herufi moja, kisha nyingine."

"Umeitika?"

"Nimekuuliza wewe. Kwani kuna nini?"

Mzee alikata kamba za sanduku kwa kisu cha mkate. Akaunganisha betri, kompyuta na chombo cha kupokelea, basi. Hakuunganisha waya wa angani. Waya wa fimbo ulikuwa umekatwa. Chombo hicho hakikuwa na masikio.

Mstari ulikuwepo. Mnene kama kidole. Kompyuta ilichora tangu ilipowashwa: mwisho wa H, kisha O nzima, vistari vitatu, dakika kumi na moja. Alihesabu kurudi nyuma kwa muda uliopita tangu stima ipotee. N. T. Kisha K, na ile I ya nukta mbili, herufi fupi, isiyo na huruma.

NTHOKI. Dakika hamsini na tatu.

Walikuwa wamefunga ndoa tarehe 19 Agosti 1978. Hajawahi kulala nje ya nyumba isipokuwa kwa kazi. Alimshika mkewe mabega akamweleza kwa maneno machache, na Nthoki, ambaye alimzika Wacera na kumvika mwenyewe nguo za mwisho, hakucheka.

"Sitakiri," mzee akanong'ona. "Nisipokiri, haujafika."

Wakasubiri. Dakika tano. Dakika kumi. Kioo kilikuwa vumbi tupu.

Ndipo akakumbuka jambo ambalo karani yeyote wa zamani alipaswa kulikumbuka mapema. Kituo kisipojibu, simu ya maandishi haitupwi. Hupewa tarishi, akaipeleke kwa miguu.

Chap... chap... chap...

Hatua, nje, kwenye tope. Hazikutoka barabarani. Zilianzia ukuta wa bafu, zikazunguka nyumba taratibu, zikafika mlango wa mbele. Zikasimama.

"Hodi."

Neno lilitoka zito, limezibwa, kama linapita katika kitambaa.

Midomo ya Nthoki ilifunguka yenyewe. Hakuna mwanamke wa umri wake ambaye hajafundishwa kujibu hodi. Mzee akaiziba kwa kiganja.

"Hodi."

Kufikiri kwa karani ni kufikiri kwa kanuni, na kanuni ilikuwa moja tu iliyobaki. Kulikuwa na jibu lisilokubali wala kukataa: alama ya kuulizia, ambayo kwayo karani humwambia mwenziwe, sikupata vyema, rudia. Ujumbe unaorudiwa haujapelekwa. Tarishi hutakiwa kurudi kituoni, angoje nakala. Na kama mama yake alisema kweli, kitu hicho hakiwezi kurudia.

Lakini mtambo wa kutuma hauwezi kutuma bila ile mizizi ya ardhini. Ilibidi waya wa fimbo uungwe tena. Huko nje. Nyuma.

"Uma leso," alimnong'oneza mkewe. "Usiitike. Hata iweje."

Akapita mlango wa nyuma akiwa amevua viatu. Alipiga magoti kwenye tope, akapapasa, akazipata ncha mbili za waya. Ardhi kuzunguka fimbo ilikuwa imefunguka, shimo la upana wa bega la mtu, na harufu iliyotoka humo ikamjaza koo. Akapinda waya mara moja. Mara mbili.

Halafu, kutoka upande wa mbele wa nyumba, akasikia sauti ikimwita mkewe.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Nthoki. Nifungulie. Ni mimi."

Alitaka kupiga kelele. Hakuweza: kelele ingemfanya mkewe aitike. Alibaki amepiga magoti, mkono kinywani.

"Nthoki. Nimeumia. Nthoki..."

Ndani kulikuwa kimya. Kimya... Kimya.

Nthoki alieleza baadaye kilichomzuia. Sauti ilikuwa ya mumewe kabisa, hata kile kikohozi cha asubuhi. Lakini tangu Mwelu azaliwe, mwaka wa 1980, mumewe hajamwita Nthoki hata siku moja. Ni Mama Mwelu kwa furaha, Mama Mwelu kwa hasira, Mama Mwelu hata alipokuwa hoi hospitalini. Aliyekuwa mlangoni alilijua lile jina tu lililoandikwa kwenye ujumbe.

Mzee aliingia ndani kwa magoti, akauunganisha mtambo wa kutuma, akabonyeza. Nukta mbili, vistari viwili, nukta mbili. Rudia. Dakika kumi na tano.

Mtu asiyepata kungoja dakika kumi na tano za namna hiyo asiseme anajua urefu wa saa. Kitasa kiligeuka. Kikarudi. Kitu kikavu na kilicholowa kwa pamoja kilijisugua mlangoni, kutoka juu hadi chini, kama kichwa kinachotikiswa kukubali. Betri ikaanza kuishiwa, taa yake ikipepesa. Mzee aliizima simu, akazima taa ndogo, akazima kila kinachonyonya umeme. Walishikana mikono gizani, wakiutazama mstari wao mdogo ukijichora.

Nukta ya mwisho.

Chap... chap... chap...

Hatua zikarudi zilikotoka. Ukuta wa bafu. Kisha hakuna.

Nthoki alitoa leso kinywani. Ilikuwa na damu. "Kimeenda?"

"Kimeenda, Mama Mwelu. Hakiwezi kurudia. Mama aliniambia, hakiwezi—"

Kioo kiling'aa kidogo.

Kistari.

Nukta.

Herufi N. Kikarudia.

*

Khalayi amelisimulia jambo hili katika soko la Jericho mara nyingi, na kwa kuwa anasimulia kwa ufasaha, watu wamemwamini. Si vibaya yakasahihishwa machache.

Husema ilikuwa Jumatano. Ilikuwa Alhamisi. Husema Mzee Nzivo alimwaga chumvi na mafuta ya taa kwenye shimo. Hakumwaga kitu, kulipopambazuka shimo halikuwepo, na fimbo ilikuwa imesimama kwenye udongo mgumu. Husema pepo aliulizwa, akashindwa kurudia, akatoweka, na kwamba mzee bado hukesha kila Alhamisi ya nne kwa sababu ya uzee na wazimu wa redio. Pepo hakushindwa. Alirudia usiku ule mpaka stima iliporudi, na amerudia kila wiki ya nne tangu hapo, na kila mara mzee amemjibu jibu lilelile. Ndiyo maana Bwana Nzivo hakuhudhuria harusi ya mjukuu wake Kitui, na ndiyo maana Ndirangu sasa humchajia betri mbili, hamtanii tena.

Kosa lake kubwa, hata hivyo, ni la muda. Khalayi husema jina la Mama Mwelu huchukua dakika hamsini na tatu. Hizo zilikuwa za tarehe 9 Mei. Tarehe 6 Juni zilikuwa arobaini na sita. Tarehe 1 Agosti zilikuwa thelathini na moja. Tarehe 19 Desemba zilikuwa tisa, na aliye karibu hutuma haraka. Jibu la mzee halijapungua. Alijaribu kulituma kwa haraka mara moja, tarehe 4 Julai, na hatua zikaanza. Lingali la dakika kumi na tano.